Shokapu za mbele za Prado: Jinsi ya kujua zimechoka na namna ya kuzibadilisha kwa usalama

Toyota Land Cruiser Prado ni miongoni mwa magari makubwa yanayoonekana sana katika barabara za Afrika Mashariki. Hubeba familia zinazosafiri kwenda mikoani, wafanyakazi wa miradi ya vijijini, watalii na maofisa wa serikali. Mengi huingia yakiwa tayari yametumika miaka kadhaa nchini Japani au kwingineko, na mara nyingi mnunuzi hajui kama shokapu zake zimewahi kubadilishwa. Yakifika huku hukutana na matuta, mashimo na barabara za vumbi zilizokunjamana kama bati.

Shokapu, au shokabzoba kama wengine wanavyoiita, haifi kwa siku moja. Hupungukiwa nguvu kidogo kidogo, na dereva anayeendesha gari lilelile kila siku huzoea mabadiliko hayo bila kuyatambua. Hugundua siku anapolazimika kufunga breki kwa ghafla, au anapokata kona kwa kasi na kuhisi gari linataka kumponyoka.

Makala haya yanaeleza kazi ya shokapu za mbele, dalili za kuchoka kwake, namna ya kuchagua mpya, na hatua zinazofuatwa kuzibadilisha. Yanahusu hasa Prado za kizazi cha 120, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2009, na cha 150 kilichofuata. Ukifanya kazi hii mwenyewe au ukimpelekea fundi, ipo hatari moja ambayo lazima uijue kabla ya spana ya kwanza kushikwa: springi iliyobanwa inaweza kuua.

Springi hubeba, shokapu hutuliza

Watu wengi hudhani kwamba shokapu ndiyo inayobeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, springi hubanwa, kisha hujisukuma kurudi ilivyokuwa. Tatizo ni kwamba springi ikiachwa peke yake haitulii. Itapanda na kushuka mara nyingi kabla ya kukoma, na gari zima litacheza nayo.

Shokapu ipo ili kuzima mchezo huo. Ndani yake mna oili na pistoni yenye matundu madogo na vali. Gurudumu linapopanda na kushuka, pistoni husukumwa ndani ya oili, na oili hulazimika kupenya kwenye matundu hayo kwa shida. Nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto, na joto hupotelea hewani kupitia ganda la chuma. Ndiyo maana shokapu iliyotoka kwenye safari ndefu ya barabara mbaya huwa ya moto ukiigusa.

Nyingi za kisasa huwekwa pia gesi ya naitrojeni ndani. Gesi hiyo huikandamiza oili ili isifanye povu. Oili ikitoa povu, pistoni hupita kirahisi na shokapu hupoteza nguvu kwa muda. Ndilo linalotokea gari likikimbia kwa saa nyingi kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo, na hutokea haraka zaidi shokapu zikiwa za zamani.

Kwa nini Prado si sawa na Harrier

Katika gereji nyingi jina "shokapu" hutumika kwa kila kitu kinachoonekana nyuma ya gurudumu la mbele. Lakini magari hayafanani, na kazi ya kubadilisha hutofautiana.

Magari kama Toyota Harrier, RAV4 na Nissan X-Trail hutumia mfumo unaoitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson aliyeubuni katika miaka ya 1940. Gari la Ford Consul, lililotengenezwa Uingereza mwanzoni mwa muongo uliofuata, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuutumia. Katika mfumo huu shokapu yenyewe ni sehemu ya mguu wa gari. Imefungwa kwa bolti kwenye chuma kinachobeba gurudumu, na usukani ukizungushwa, shokapu nayo huzunguka. Kwa hiyo juu yake huwa na beringi.

Prado za 120 na 150 zina mikono miwili kila upande, mmoja juu na mwingine chini. Mikono hiyo ndiyo inayoshika gurudumu. Shokapu imepita katikati ya springi, na viwili hivyo vimefungwa pamoja kama kifurushi kimoja. Juu, kifurushi kimeshikwa kwenye chesi kwa nati tatu. Chini, kimeshikwa kwenye mkono wa chini kwa bolti moja ndefu. Hakizunguki na usukani.

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zinazotumika sana kwenye hifadhi za wanyama na kubeba wagonjwa vijijini, ni kisa kingine. Kwa mbele zina ekseli nzima, na shokapu imesimama mbali na springi. Fundi huifungua juu na chini na kazi imekwisha, bila kuigusa springi. Fundi aliyezoea magari hayo asije akadhani Prado ni vivyo hivyo.

Dalili za shokapu zilizochoka

Hakuna dalili moja inayotosha. Ni vyema kuziangalia kadhaa kwa pamoja.

Dalili ya kwanza ni pua ya gari kuinama sana unapofunga breki, na kuinuka sana unapokanyaga mafuta. Ya pili ni gari kuendelea kuyumba juu na chini baada ya kuvuka tuta. Gari lenye shokapu nzima hushuka, hupanda mara moja, kisha hutulia. Likiendelea kucheza mara mbili au tatu, kuna kasoro.

Dalili ya tatu iko kwenye matairi. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi la mbele. Ukihisi mabonde na vilima vilivyoachana kwa nafasi, maana yake gurudumu limekuwa likirukaruka barabarani badala ya kuigandamiza. Tairi linaloruka halishiki lami, na lisiposhika lami breki hazina cha kufanya. Kwa gari la tani mbili na zaidi, jambo hilo huongeza umbali linaohitaji ili lisimame, hasa kwenye barabara mbovu.

Dalili ya nne ni oili kuvuja. Hapa tahadhari inahitajika, kwa kuwa unyevu mwepesi uliochanganyika na vumbi karibu na sehemu ya juu ya shokapu si lazima uwe kasoro. Fimbo inayoingia na kutoka hubeba utando mwembamba wa oili ili kulainisha sili. Lakini oili ikiwa imechuruzika hadi chini ya ganda, sili imekufa na shokapu inahitaji kubadilishwa.

Baadhi ya watengenezaji hushauri shokapu zikaguliwe kila kilomita 20,000 na kubadilishwa zikikaribia 80,000. Hayo ni makadirio tu. Gari linaloshinda kwenye lami huweza kupita hapo, na gari linalokwenda machimboni au mbugani kila siku huenda lisifike.

Wapo wanaopima kwa kuegemea boneti na kuliachia gari lidunde. Kwa gari dogo kipimo hiki husaidia kidogo. Kwa Prado, uzito wa mtu mmoja hautoshi kuisukuma springi ipasavyo, na shokapu iliyochoka nusu inaweza kufaulu mtihani huo.

Kelele si lazima iwe shokapu

Gari likigonga "ko ko ko" kwenye mashimo, mwenye gari wengi huambiwa papo hapo wanunue shokapu. Mara nyingi kelele hiyo hutoka kwingine: linki za stablaiza zilizolegea, bushi za mikono zilizopasuka, bol jointi zilizochoka au raba ya juu ya shokapu iliyooza.

Fundi makini hulinyanyua gari, hushika gurudumu juu na chini na kulitikisa, kisha hulishika kushoto na kulia na kulitikisa tena. Huingiza mtaimbo kwenye maungio na kuangalia kama kuna mchezo. Kazi hii haichukui muda mrefu, nayo huweza kukuokoa usinunue usichokihitaji.

Bol jointi zipewe umakini wa pekee. Hasa katika Prado za zamani za kizazi cha 90, bol jointi ya chini ikikatika gurudumu hulala na gari huanguka upande huo. Kuweka shokapu mpya juu ya bol jointi mbovu ni kutia rangi nyumba yenye msingi uliopasuka.

Vilevile, gari likiwa limelala upande mmoja hata likiwa limesimama, usiilaumu shokapu kwanza. Kimo cha gari hutokana na springi. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, gari likiwa mahali tambarare. Tofauti kubwa huonyesha springi iliyolegea au iliyokatika, na mkato mara nyingi huwa kwenye duara la chini kabisa ambako matope hukaa.

Kuchagua shokapu

Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala, mnunuzi huoneshwa aina nyingi: halisi za mtengenezaji wa gari, za makampuni mengine yanayotengeneza spea, za mtumba, na wakati mwingine zilizojazwa oili upya.

Nenda dukani na namba ya chesi, si jina la gari peke yake. Prado zinazofanana kwa nje huweza kutofautiana chini. Injini ya dizeli ina uzito tofauti na ya petroli. Baadhi ya Prado za daraja la juu zina shokapu zinazobadilishwa ugumu kwa swichi ndani ya gari, na hizo huwa na waya wa umeme juu yake. Ukiweka shokapu ya kawaida mahali pa hiyo, swichi haitafanya kazi na huenda taa ya onyo ikawaka kwenye dashibodi.

Fikiria pia matumizi. Gari lililofungwa bampa nzito ya chuma na winchi mbele linahitaji springi na shokapu zinazoendana na mzigo huo. Gari la mjini likifungwa springi ngumu za safari za porini, litaruka kama punda na abiria watalalamika.

Shokapu ya mtumba ni bahati nasibu. Kilichochoka ni vali na sili, navyo havionekani. Hata ikiwa imesafishwa na kupakwa rangi, hujui ilitembea kilomita ngapi. Ukilazimika kuinunua, isimamishe wima, isukume ndani na kuivuta nje kwa mkono. Ugumu uwe sawa mwendo wote. Ikifika mahali ikateleza bila kuzuia, ndani kuna hewa au vali imekufa. Angalia fimbo yake: mkwaruzo au kutu vitakata sili ndani ya muda mfupi. Shokapu ya gesi iliyo nzima huinuka yenyewe ukiiachia.

Kuhusu bidhaa bandia, angalia kama namba iliyo kwenye boksi inalingana na iliyochapwa kwenye shokapu yenyewe, kama maandishi yameandikwa vizuri, na dai risiti yenye jina la duka. Duka lisilotaka kuandika risiti limekwisha kukupa jibu.

Nunua jozi. Shokapu mpya upande mmoja na ya zamani upande mwingine hulifanya gari livute na kuyumba vibaya kwenye breki. Pamoja na shokapu, nunua raba za juu, mpira wa kuzuia kugonga na kifuniko cha vumbi kama havikuja nazo. Springi huweza kurudishwa ikiwa haijakatika na kimo cha gari kiko sawa.

Kabla ya kuanza

Vifaa vinavyohitajika ni jeki yenye uwezo wa kutosha, stendi mbili imara, kabari za magurudumu, spana na soketi, spana ya toki ya kupimia mkazo, mtaimbo, mafuta ya kulegeza kutu, na kibano cha springi. Tafuta pia kitabu cha ufundi cha modeli yako, kwa kuwa kila bolti ina kipimo chake cha mkazo na vipimo hivyo hubadilika kutoka modeli moja hadi nyingine.

Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti za chini na nati za juu usiku wa kuamkia kazi. Bolti ya chini ya shokapu ndiyo inayosumbua zaidi, hasa kwa magari ya pwani au yaliyotoka nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Usiichome kwa moto wa gesi ukiwa karibu na shokapu. Ndani mna oili na gesi iliyoshindiliwa.

Kutoa shokapu ya zamani

Egesha gari mahali tambarare na pagumu. Vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, na legeza nati za magurudumu ya mbele gari likiwa bado chini.

Nyanyua mbele na uweke stendi chini ya chesi, si chini ya mkono, kwa sababu mkono unatakiwa ushuke. Nyanyua pande zote mbili hata kama utaanza na upande mmoja. Upande mmoja ukibaki chini, nondo ya stablaiza itakuwa imejikunja na itakusumbua. Jeki peke yake isitegemewe hata kwa dakika moja. Toa magurudumu.

Piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote: waya wa ABS ulivyopita, mpira wa breki ulivyoshikwa, shokapu ilivyokaa. Kisha fungua vishikizo vya waya na mpira wa breki ili visivutike. Kama shokapu ina waya wa umeme juu, uchomoe. Fungua linki za stablaiza pande zote mbili.

Weka jeki chini ya mkono wa chini ili kuushikilia. Sasa nenda juu ya shokapu. Utaona nati tatu pembeni, na moja katikati. Legeza zile tatu za pembeni tu, na uziache zikiwa zimeshika kwa nyuzi chache.

Nati ya katikati usiiguse. Ndiyo pekee inayoizuia springi isifyatuke. Springi ya mbele ya Prado hubeba mzigo unaozidi nusu tani gari likiwa chini, na hata shokapu ikishatolewa bado imebanwa kati ya vikombe viwili vya chuma. Nati hiyo ikifunguliwa bila kibano, springi na kikombe cha juu huruka kwa nguvu inayoweza kuvunja mfupa wa uso au kuua.

Fungua bolti ya chini na uigonge taratibu itoke, huku ukipandisha au kushusha jeki kidogo ili isibanwe. Mara nyingi nafasi ya kutoa kifurushi huwa haitoshi. Mafundi hutumia njia mbili: kuachanisha bol jointi ya juu na chuma kinachobeba gurudumu, au kufungua bolti mbili zinazoishika bol jointi ya chini. Kwa njia yoyote, kifunge kile chuma kwa kamba au waya mara moja. Kikiachwa kining'inie, kitauvuta mpira wa breki na kinaweza kuichomoa draivu shafti kwenye jointi yake ya ndani.

Bolti za mkono wa chini zilizo upande wa chesi zisiguswe. Ndizo zinazopangia alaimenti, na ukizilegeza umejiongezea kazi.

Sasa toa zile nati tatu za juu huku mtu wa pili akiishika shokapu, kisha ishusheni pamoja.

Kuibana springi

Hapa ndipo uamuzi unapotakiwa. Kama huna kibano kizuri au hujawahi kufanya kazi hii, peleka kifurushi kwenye gereji yenye mashine ya kubania springi iliyofungwa chini au ukutani. Malipo yake ni madogo ukilinganisha na hospitali. Unaweza pia kununua kifurushi kilichokwisha kufungwa springi na raba mpya, ukaepuka hatua hii kabisa. Kufunga springi kwa kamba, minyororo au waya wa kuchomea si njia. Ni kamari.

Kabla ya kubana, weka alama ya chaki au rangi kuonyesha misumari mitatu ya juu imekaaje ikilinganishwa na jicho la chini. Ukikosea hapo, shokapu haitaingia kwenye matundu yake.

Ukitumia kibano cha mkono, weka vibano viwili vikiwa vimekabiliana, na vishike maduara mengi ya springi kadiri iwezekanavyo. Kaza kwa spana ya mkono, raundi chache upande mmoja, kisha raundi chache upande wa pili, ili springi isipinde. Mashine ya upepo isitumike, kwani huchosha nyuzi za kibano. Mtu yeyote asikae mbele ya kichwa wala kitako cha springi.

Endelea hadi springi iwe huru kwenye vikombe vyake, uweze kuitingisha kwa mkono. Hapo tu ndipo nati ya katikati hufunguliwa. Panga vitu vilivyotoka kwa mfuatano wake juu ya kitambaa: nati, washa, raba, kikombe, mpira wa kuzuia kugonga, kifuniko.

Kuunga na kurudisha

Shokapu mpya ikitoka kwenye boksi huenda imelala kwa miezi, na hewa imeingia pasipotakiwa. Isimamishe wima, ivute hadi mwisho na uisukume chini polepole mara kadhaa mpaka ugumu uwe sawa mwendo wote.

Panga vitu kwa mfuatano uleule. Ncha ya chini ya springi ikae kwenye ngazi iliyochongwa kwenye kikombe chake. Springi za kulia na kushoto zisichanganywe, kwa kuwa katika baadhi ya modeli hazilingani. Funga nati mpya ya katikati huku ukizuia fimbo kwa spana kwenye sehemu yake ya juu iliyochongwa. Koleo lisishike fimbo inayong'aa: mkwaruzo mmoja utaanza kukata sili, na shokapu mpya itavuja. Hakikisha alama zako zinalingana, kisha legeza vibano taratibu, kwa zamu.

Rudisha kifurushi juu kwanza na ushikize nati tatu kwa vidole. Pangilia chini na upitishe bolti. Rudisha bol jointi, ikaze kwa kipimo chake, na kama nati yake ina pini, weka pini mpya. Rudisha linki, waya wa ABS na mpira wa breki kwa kufuata picha ulizopiga. Kaza nati tatu za juu.

Bolti ya chini ya shokapu isikazwe mwisho gari likiwa hewani. Jicho la shokapu lina bushi ya raba. Ukiikaza wakati mkono umening'inia, raba itabaki imejisokota muda wote gari likiwa chini, na itapasuka mapema. Rudisha magurudumu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma likae sawa, kisha kaza bolti hiyo kwa spana ya toki. Nati za magurudumu nazo zikazwe kwa kuvuka, kila nati na iliyo mkabala nayo, kwa kipimo cha aina ya rimu yako. Rimu za aloi na za chuma huweza kuwa na vipimo tofauti.

Baada ya kazi

Jaribu gari polepole kwanza, kwenye barabara isiyo na msongamano. Funga breki taratibu, kisha kwa nguvu zaidi. Vuka tuta na usikilize. Mlio mpya unaosikika baada ya kufunga shokapu mara nyingi ni nati iliyosahaulika au raba iliyokaa vibaya. Usiuzoee. Rudi ukague.

Peleka gari kwenye alaimenti. Hata kama bolti za kupangia hazikuguswa, kimo cha mbele huweza kubadilika, na kimo kikibadilika magurudumu hubadilisha mwelekeo na mlalo wake. Kwa magari ya mfumo wa MacPherson hatua hii haikwepeki, kwani bolti zilizofunguliwa huathiri moja kwa moja mlalo wa gurudumu. Kama mbele imepanda, rekebisha pia taa ili usiwapofushe wanaokuja.

Baada ya kilomita 100 hivi, kagua tena mkazo wa nati za magurudumu, nati tatu za juu na bolti ya chini. Matairi yaliyokwisha kulika kwa mabonde yataendelea kunguruma hata shokapu zikiwa mpya. Hiyo haimaanishi kwamba kazi imeharibika.

Kama kazi imefanywa na fundi, mwombe akupe shokapu ulizotolewa. Ni mali yako, na ndiyo njia rahisi ya kujua kwamba zilizolipiwa ndizo zilizofungwa. Muulize pia maswali mawili kabla hajaanza: atatumia nini kubana springi, na bolti ya chini ataikaza gari likiwa wapi. Fundi anayejua Prado atayajibu bila kusita.